Ukisoma Vitabu vya Vita, Tazama Kambini

Wasomaji wa safu hii wananiuliza swali moja tena na tena, ingawa wenyewe hawafanani. Muuguzi wa zamu ya usiku, karani wa stoo, mwalimu aliyekaimishwa taaluma, kijana wa mauzo, wote wanataka kujua kama vile vitabu vya vita vinavyotajwa kwenye semina za uongozi vina faida yoyote kwa mtu wa kazi ya kawaida. Baadhi wameshanunua kitabu cha Sun Tzu, Mchina wa kale aliyeandika juu ya vita, kwa wauza vitabu wa barabarani, wakasoma kurasa chache, wakakwama. Wengine wanauliza kwa wasiwasi: kwa nini tulete vita ofisini, na ugomvi uliopo tayari unatushinda?

Vina faida, tena kubwa. Tatizo ni kwamba wengi wanavisoma wakimtafuta adui. Fasihi ya vita iliyo bora haimjali adui sana. Inaangalia watu wa kambi moja: nani alipewa amri aipeleke akaiogopa njia, nani alipika na nani akanyimwa, nani aliivuta kazi na nani akasifiwa. Hayo ndiyo unayokutana nayo Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo ukikifungua kitabu cha namna hii, acha uwanja wa mapigano, tazama kambini.

## Kabla hujaanza, ondoa haya kichwani

- Mwenzako wa meza ya pili si adui. Sun Tzu ameandika mengi juu ya hila, na kuna watu wanaoyasoma hayo kisha wakaanza kuficha mafaili na kupeleka majungu kwa meneja. Hila zile zilikusudiwa jeshi la ng'ambo ya mto. Ukizitumia kwa unayekula naye chakula cha mchana, umeivunja kambi yako mwenyewe.
- Kampuni haina haki ya kukudai roho. Meneja akisema "sisi ni jeshi" siku anapotaka mfanye kazi mpaka usiku bila malipo ya ziada, muulize malipo. Hata askari hulishwa na kulipwa.
- Usigeuze vita kuwa lugha ya kila siku. Pengine ofisini kwako yupo aliyetoka Bujumbura, Bukavu au Gulu, na vita kwake ni jina la mtu aliyemzika. "Tuwaangamize" kwenye kikao cha mauzo si neno la kuchezea mbele yake.

Waliokwama na Sun Tzu, nendeni kwenye sura ya pili, anapohesabu gharama za kulisha jeshi lililo mbali na nyumbani na hasara ya kazi inayovutwa muda mrefu. Kisha someni sura ya kumi, anapotaja majanga sita ya jeshi na kusema yote yanaletwa na jemadari. Hizo mbili zinawatosha kwa kuanzia.

## Kumpelekea mkubwa habari mbaya

Hili naulizwa kuliko yote, na anayelijibu vizuri zaidi ni Thucydides, mtu wa Athens aliyeandika miaka zaidi ya 2,400 iliyopita. Anasimulia jinsi mji wake ulivyopeleka jeshi kwenda kuiteka Syracuse, kisiwani Sicily, kati ya mwaka 415 na 413 KK. Mmoja wa majemadari alikuwa Nicias, mtu mwangalifu ambaye tangu mwanzo hakuutaka msafara ule.

Mambo yalipoharibika, Nicias aliandika barua. Alihofu mambo matatu akituma maneno matupu: mjumbe asijue kusema, mjumbe asahau, au mjumbe ayapambe ili awafurahishe wasikilizaji. Barua ikasomwa na karani mbele ya mkutano wa mji mzima. Ilieleza kwamba merikebu zimekaa majini mno bila kuvutwa pwani zikauke, mbao zinaoza. Mabaharia wanauawa wakienda kutafuta kuni na maji. Watumwa wanatoroka. Waliokuja kuzingira mji sasa wamezingirwa wao.

Kila jambo alilotaja mtu angeweza kwenda kuligusa: mbao, kuni, maji, watu waliopungua. Hakuandika kwamba kuna changamoto kadhaa zinazoendelea kufanyiwa kazi.

Hata hivyo barua haikuliokoa jeshi, na makosa yake yanafundisha kama uzuri wake. Kwanza alitoa njia mbili, turudisheni au tuleteeni jeshi jingine kubwa kama hili, bila kusema yeye mwenyewe anashauri ipi. Watu wa Athens wakachagua ile iliyolingana na tamaa yao. Pili, humo humo akaomba abadilishwe kwa sababu ya ugonjwa wa figo. Ombi hilo likakataliwa, na bila shaka liliwapa wasikilizaji nafasi ya kufikiri kwamba aliyechoka ni mtu, si merikebu.

Kwa hiyo unapoandika:

1. Weka tatizo mstari wa kwanza. Usilitangulize na aya mbili za shukrani.
2. Taja vinavyohesabika: saa, idadi, tarehe, nyuzi za joto.
3. Sema ulichokwisha kufanya.
4. Toa pendekezo moja lililo lako. Njia nyingine zitaje kwa ufupi ukisema kwa nini hukuzichagua.
5. Taja saa ya mwisho ya kuamua.
6. Ombi lako binafsi, likizo, uhamisho au ugonjwa, liwe kwenye barua nyingine, siku nyingine.

Tuseme wewe ni muuguzi kwenye kituo cha afya. Ujumbe wako ungekuwa hivi:

*Shikamoo Daktari. Jokofu la chanjo limeacha kushika baridi tangu jana saa nane mchana. Leo saa moja asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 11, na hakitakiwi kuzidi 8. Chanjo zote nimezihamishia kwenye sanduku la kubebea chanjo lenye barafu, itashika mpaka jioni. Naomba kibali nizipeleke hospitali ya wilaya kabla ya saa tisa, na huko tuulize kama bado zinafaa. Fundi nimempigia, anakuja kesho.*

Daktari akiusoma akiwa njiani anaweza kujibu "peleka" akaendelea na safari yake. Linganisha na ujumbe unaosema kwamba jokofu lina shida kidogo ila tunaendelea kulifuatilia. Huo utajibiwa kesho, chanjo zikiwa zimeharibika.

"Nikiandika, bosi ataona ninamjengea kesi." Ataona hivyo ukiandika umechelewa, au ukipeleka nakala kwa wakubwa wote kwa mara moja. Andika mapema, andika kifupi, mpelekee yeye peke yake. Kama yeye ni mtu wa kuongea, mwone kwanza, halafu dakika kumi baadaye tuma mistari miwili inayoanza na "Kama tulivyoongea asubuhi". Hilo halimuudhi mtu, na siku mambo yakiharibika hakuna wa kusema hakuambiwa.

Na kama bosi ni wewe? Soma mwisho wa kisa hiki polepole. Jeshi la msaada lilikuja, likapigwa nalo. Demosthenes, jemadari aliyekuja na jeshi hilo, akasema tuondoke leo. Nicias akakataa, kwa kuwa alijua wale wa nyumbani wangemhukumu, naye akaona afadhali kuuawa na adui. Baadaye alikubali, lakini mwezi ukapatwa, waaguzi wakataka wasubiri siku 27, naye akasubiri. Jeshi zima likapotea. Mateka wasiopungua 7,000 walitupwa kwenye machimbo ya mawe. Kilichomshika Nicias pale ufukweni kilikuwa hofu ya wakubwa wake. Basi chunguza dakika yako ya kwanza: mtu akikuletea habari mbaya, unaanza na "imetokea lini?" au na "nani kafanya?" Ukianza na la pili, utaletewa habari tamu mpaka siku ya hasara.

## Usikatae kwa kupandisha bei

Kosa hili wanalifanya watu wenye akili, na Nicias huyo huyo ndiye mfano. Mwaka 415 KK, mji ulipokuwa umeshaamua kupeleka merikebu 60, alisimama akaeleza ukubwa wa kazi ile kwa makusudi ya kuwatisha. Alitumaini wataahirisha. Walipombana ataje idadi, akasema merikebu zisipungue 100 na askari wenye silaha nzito wasipungue 5,000. Mkutano ukakubali na kuwapa majemadari mamlaka ya kuchukua chochote. Jambo alilotaka kulizuia akawa amelikuza.

Ofisini linatokea hivi: hupendi mradi fulani, lakini hutaki kuonekana mpinzani, ukaandika bajeti kubwa ili ikataliwe. Ikapitishwa. Sasa jina lako liko juu yake.

Sema hapana yako kwa sauti ya kawaida, na sababu zake, mara moja, kikaoni. Ukiona hapana haiwezekani, omba jaribio dogo lenye mwisho: tawi moja, miezi mitatu, kisha tutazame. Ukishindwa hoja, ifanye kazi kwa moyo au uombe usipewe kuiongoza. Nicias alishindwa hoja, akabaki na uongozi aliokwisha kupewa. Hapo ndipo palipomponza.

## Wewe unayefanya kazi kimya

Wengi wanaoniandikia wanalalamika kwamba wanafanya, wengine wanasifiwa. Nawaelekeza kwa Kapteni Tushin.

Yumo katika *Vita na Amani* ya Leo Tolstoy, riwaya iliyotoka kati ya 1865 na 1869, kwenye mapigano ya Schöngrabern ya mwaka 1805. Ni afisa wa mizinga, mdogo wa umbo, mwenye haya, asiyejua kujipanga mbele ya wakubwa. Siku hiyo yeye na watu wake wanapiga mizinga katikati ya uwanja, na kwa shauri lake na sajini wake wanakitia moto kijiji walichokuwamo Wafaransa. Kikosi cha kuwalinda kimeondolewa bila wao kujua. Amri ya kurudi nyuma inaletwa na afisa anayepiga kelele kutoka mbali, kisha anageuza farasi na kukimbia. Wa pili kuja ni Mwanamfalme Andrei. Huyu anashuka, anabaki chini ya risasi mpaka mizinga mizima imefungwa kwa farasi na kuondolewa.

Jioni, ndani ya kibanda, Jenerali Bagration anamuuliza Tushin kwa ukali kwa nini ameacha mzinga nyuma. Tushin anatetemeka. Jibu analo: hakuwa na kikosi cha kumlinda. Halitoi, maana anaogopa kumponza afisa mwingine. Anababaika kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Hapo Andrei anasema alichokiona: theluthi mbili ya watu na farasi wamekwisha, mizinga miwili imevunjika, na ushindi wa siku ile kwa sehemu kubwa umetokana na kapteni huyu.

Mimi ninawapenda watu kama Tushin, na kwa sababu hiyo sipendi wasifiwe kwa kunyamaza kwao. Kunyamaza kule kungemgharimu. Na kungewagharimu askari wake pia, wale waliokufa pale, ambao habari yao ingebaki kuwa mzinga ulioachwa.

Kama wewe ni Tushin:

- Kila Ijumaa andika mistari mitano: nini kimefanyika, nini kimekwama, na nani alisaidia. Mtumie msimamizi wako. Jina la aliyesaidia ni la lazima, ndilo linaloondoa harufu ya majigambo.
- Ukiulizwa swali la kulaumu, jibu kwanza hali ilivyokuwa: "Tulikuwa wawili badala ya watano, na gari halikuja." Hujamchongea mtu. Umeeleza hali.
- Usisubiri kikao cha tathmini cha mwisho wa mwaka. Hapo watu hukumbuka mwezi wa mwisho tu.
- Ukigundua umeondolewa msaada uliokuwa nao, uliza siku hiyo hiyo.

Kama una nafasi ya Andrei, kazi yako ni moja: ulichokiona kwa macho yako kiseme mbele ya mwenye uamuzi, mhusika akiwapo. Kumwambia Tushin barazani kwamba "tunajua unavyofanya kazi" hakumsaidii kitu. Na ukitumwa kupeleka maagizo kwa watu walio kwenye shida, usiyatupe kwenye kundi la WhatsApp ukazima simu. Nenda, au piga, na ubaki mpaka uone wameweza.

"Je, bosi akichukua kazi yangu akaiita yake?" Mara ya kwanza chukulia amesahau. Mwambie faraghani: "Naomba kwenye taarifa ijayo majina ya tuliofanya yaandikwe." Akirudia, anza kuwasilisha kazi yako mwenyewe kikaoni, hata dakika tatu. Akiziba na hapo, tafuta mahali pengine ungali na nguvu ya kuondoka vizuri.

## Umepandishwa juu ya wenzako

Xenophon alikuwa kijana ndani ya jeshi la kukodiwa la Wagiriki waliokwama katikati ya Uajemi mwaka 401 KK, majemadari wao wameuawa kwa hila. Viongozi wapya wakachaguliwa, naye akawa mmoja wao. Siku moja wanakimbilia kilele cha mlima kabla adui hajakifika, Xenophon yuko juu ya farasi akiwahimiza. Askari aitwaye Soteridas akamwambia: wewe umepanda, mimi nimechoka kubeba ngao. Xenophon akashuka, akamwondoa kwenye mstari, akaichukua ile ngao, akaenda nayo kwa miguu huku amevaa deraya nzito ya mpanda farasi. Askari wenyewe ndio waliomgeukia Soteridas mpaka akairudia ngao yake. Xenophon akapanda tena farasi.

Sehemu ya mwisho wengi wanaisahau. Alipanda tena. Msimamizi mpya anayeshuka kubeba kila ngao ya kila mtu, kwa kuona haya cheo, baada ya miezi miwili anakuwa amechoka na kazi ya kuangalia njia imekosa mwenyewe. Beba ngao siku ya mlima, watu waone unaujua uzito wake. Kisha rudi kwenye kazi uliyopewa.

Shikamoo hazibadiliki. Kama uliyempita cheo ni mkubwa kwako kwa umri, endelea kumwamkia kama zamani, na maagizo mpe kwa faragha. Nimeona vikundi vikivunjika kwa sababu kijana aliacha kuamkia.

## Maharage ya watu 150

Erich Maria Remarque, Mjerumani aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza, alitoa mwaka 1929 riwaya iliyosomwa dunia nzima. Inafunguka jikoni. Kombania ya watu 150 imerudi kutoka mstari wa mbele ikiwa na watu 80. Mpishi amepika maharage na nyama ya watu 150, na hataki kugawa. Agizo lake ni la watu 150, hawa si 150. Vijana wamesimama na vyombo mkononi, sufuria imejaa, wanabishana. Mpaka luteni anapita, anafunua mfuniko, anaagiza kigawiwe chote, na yeye aletewe sahani.

Kila ofisi ina sufuria hiyo. Fedha za mafunzo zimebaki kwa kuwa waliotajwa hawakuja. Sare za watu wa mwaka jana ziko stoo, wapya wanakaa bila.

- Ukiwa mpishi: usiseme "haiwezekani". Sema "mimi sina ruhusa, mwenye ruhusa ni fulani, nampigia sasa hivi."
- Ukiwa kwenye foleni: usimtukane mpishi. Mtafute luteni.
- Ukiwa luteni: pita jikoni, ufunue mfuniko mwenyewe. Taarifa ya maandishi isingemwonyesha luteni yule kwamba watu wamesimama na njaa mbele ya chakula kilichoiva.

Humo humo yumo Himmelstoss, aliyekuwa mpeleka barua uraiani, jeshini akapewa cheo kidogo na kuwatesa vijana kambini: tandika kitanda, tandua, tandika tena. Wengi mnaye kazini. Vijana wale walipata dawa moja nzuri, ya kutii kila amri lakini polepole na kwa ukamilifu hadi mwenyewe akachoka. Walipata na mbaya, ya kumvizia usiku na kumpiga. Hiyo ya pili, hata kwa namna ya kumchafua mtandaoni, itakufukuzisha kazi na itamwachia yeye haki. Andika tarehe, maagizo yenyewe na mashahidi. Ukiwa na matukio ya kutosha kuonyesha mwenendo, nenda kwa ofisa utumishi mkiwa wawili au watatu.

## Ahadi inapokua kuliko aliyeitoa

Ebrahim Hussein alitoa *Kinjeketile* mwaka 1969, na wengi wenu mliisoma shuleni mkikimbizana na mtihani. Irudieni sasa mnapokuwa na wafanyakazi chini yenu.

Nianze na heshima. Waliong'oa pamba Umatumbi mwezi Julai 1905, wakaanzisha vita vya Maji Maji vilivyoendelea hadi 1907, hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoshwa na kazi za shuruti, kodi na viboko. Na katika tamthilia maji ya dawa ya Kinjeketile, yanayosemwa kugeuza risasi kuwa maji, yana kazi ya kweli: makabila yaliyokuwa yakitiliana shaka yanaanza kukaa pamoja. Kinjeketile ndiye aliyewapa neno la kuwaunganisha. Baada ya hapo anawataka wasubiri, wajifunze, wajipange. Kitunda, rafiki yake, anawafundisha wapiganaji. Lakini mtu aliyeambiwa risasi itageuka maji ataona sababu gani ya kujifunza? Wanataka vita leo. Kinjeketile anabaki na mashaka yake peke yake, neno likiwa limeshatoka mkononi mwake, na mwisho linawapeleka wafuasi wake kwenye bunduki.

Nimeisoma tamthilia hii nikiwafikiria viongozi wazuri, kwa kuwa kiongozi mwongo hana shida hii. Mkuu wa mradi anayetaka watu wachangamke anasema tukimaliza hapa kila mmoja anapata mkataba wa kudumu. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi anasema nyongeza iko njiani. Wote wanatumaini iwe kweli. Watu wanakwenda kukopa kwa tumaini hilo.

- Tenganisha linalowaunganisha watu na linalowapa uwezo. Kaulimbiu na fulana za mradi zinaunganisha. Mafunzo, vifaa na fedha ndivyo vinavyowezesha. Ukitangaza la kwanza bila la pili, taja waziwazi kwamba la pili bado.
- Mpaka wa ahadi useme siku ya ahadi. "Nafasi za kudumu ni nne, sisi ni kumi na moja, na uamuzi si wangu."
- Sikiliza inavyosimuliwa. Wiki moja baadaye muulize mtu wa zamu nyingine amesikia nini. Ukikuta nne zimekuwa kumi na moja, kutana nao siku hiyo. Kila siku unayoiacha inaongeza waliokopa.
- "Subirini" iwe na sababu na tarehe. Watu husubiri wakijua wanasubiri nini.

Ukiwa upande wa wanaoahidiwa, uliza bila ukali: limeandikwa wapi, na nani ametia sahihi?

## Kuomba radhi kwa mjumbe

Hapa nitapita haraka. Kwenye *Iliad* ya Homer, Agamemnon, mkuu wa jeshi, anamnyang'anya shujaa Achilles mwanamke Briseis, aliyekuwa zawadi yake ya vita, naye Achilles anasusa kupigana. Jeshi linapoumia, Agamemnon anatuma wajumbe na orodha ndefu ya zawadi: dhahabu, farasi, masufuria, miji. Yeye mwenyewe haendi, na mwishoni anaongeza kwamba Achilles ajue nani mkubwa. Odysseus, mmoja wa wajumbe hao, anapofikisha ujumbe anaificha sehemu hiyo. Achilles anakataa zawadi zote hata hivyo.

Ukimkosea aliye chini yako, nenda mwenyewe, utaje kosa kwa jina lake, rudisha ulichochukua, na ongezeko la posho lije siku nyingine. Ukituma ofisa utumishi na bahasha, jiandae kurudishiwa.

## "Sina muda, na vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza"

Anza na *Kinjeketile*, iko kwa Kiswahili na ni fupi. Anayependa ushairi amtafute Shaaban Robert, *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, juu ya Vita Kuu ya Pili, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliyeandika utenzi juu ya Maji Maji. Tolstoy ni mnene, na hulazimiki kummaliza. Mtafute Tushin tu, sehemu ya pili ya kitabu cha kwanza. Thucydides, soma kitabu cha sita na cha saba.

Usisome kwa kupigia mstari maneno ya hekima. Chukua karatasi, na kwa kila tukio jibu maswali haya:

1. Nani alijua, na nani hakuambiwa?
2. Habari ilipita kwa nani, na ilipungua nini njiani?
3. Nani alilipia kosa la mwingine?
4. Hapa kazini kwetu, huyu ni nani?

Kama kuna mwenzako mmoja mnayeaminiana, someni wote wawili, sura moja kwa wiki, na mzungumze wakati wa chai. Jina mtakaloandika kwenye swali la nne libaki kati yenu, na msilifikishe kikaoni kabla ya kumwona mwenyewe.